Kiti cha Mwisho kwa Bi Encarna

Saa tisa mchana, wakati wa chakula, Kirsten Odegaard aliingia jikoni miguu peku, na Bi Encarna, mwenye nyumba, akamrudisha chumbani akavae ndara. Ilikuwa wiki yake ya kwanza Cádiz, kusini mwa Hispania. Kwao Minnesota watu hutembea peku ndani ya nyumba na hakuna anayeugua. Hapa baridi hupanda kutoka sakafuni hadi kwenye figo, na Bi Encarna hakuhitaji daktari wa kumthibitishia hilo.

Aliporudi, wengine walikuwa wameshakaa mezani. Wote walikuwa wanafunzi Wamarekani kama yeye, waliowahi kulala katika chumba hicho hicho miaka iliyopita, na kila mmoja alipoondoka, yeye wa pili alibaki mezani. Bradley wa Ohio, aliyewatangulia wote, sasa alikuwa na mke, upara na duka la matairi huko kwao. Huyu wa mezani alikuwa bado na miaka ishirini na chunusi kidevuni. Walikula vizuri na chakula hakikupungua, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Kazi yao ilikuwa kutoa ushauri. Walimwambia Kirsten asiseme asante kila anapopewa chumvi, mwenye nyumba ataona anafanywa mhudumu wa hoteli. Aoge upesi, mtungi wa gesi ni mmoja. Asipige simu nyumbani kila siku, la sivyo masikio yatakuwa Minnesota na Cádiz litabaki tumbo tu.

"Na uache kutuambia kwamba kwenu kila kitu ni kikubwa," akaongeza Denise wa New Jersey, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. "Tunajua. Na sisi tulitoka huko huko."

Kirsten alisikiliza, akanufaika. Kufikia Machi alikuwa akibishana na muuza samaki na mara nyingine akishinda. Akaipenda nyumba ile kuliko alivyotarajia.

Namna ya kubaki alielezwa na Bradley. Ukila mlo wako wa mwisho umekaa kwenye meza ile, ukainuka na kwenda zako, wewe wa pili hubaki kitini. Lazima iwe meza ile. Waliwahi kujaribu stuli kwenye korido, haikushika. Na kiti kilichosalia sasa kilikuwa kimoja, hiki alichokalia Kirsten. Ukiongeza kingine mlango wa jiko haufunguki.

Kiti hicho Bi Encarna alikuwa akimtunzia Chano, mwanawe wa pekee. Chano alisomea uuguzi hapo hapo mjini. Mji ulikuwa na hospitali na wagonjwa wa kutosha, ila haukuwa na nafasi ya kumwajiri, basi akaenda Bremen, Ujerumani. Kitanda chake ndicho walicholalia Wamarekani wote hao, maana kodi ya nyumba haikungoja mtoto arudi. Kila Krismasi alikuja, na kila mara aliondoka alfajiri kwa ndege ya bei nafuu, tumbo tupu. Kwa hiyo katika nyumba aliyozaliwa hakuwa amebaki hata mara moja. Jambo hilo lilimuuma Kirsten, na siku yake ya kuondoka akachukua sahani akaenda kusimama penye sinki.

"Unafanya nini huko?" Bi Encarna akauliza.

"Nakula hapa hapa, mama. Kile kiti ni cha Chano."

"Chano yuko Bremen, wewe uko hapa. Kwangu mtu hali dengu amesimama kama farasi. Kaa."

"Lakini nitabaki."

"Basi utabaki. Kaa, zinapoa."

Kirsten akakaa. Alimaliza sahani, akainuka, wakakumbatiana, akaburuta sanduku lake hadi nje. Na Kirsten akabaki kitini, akisikiliza magurudumu yakigonga ngazi. Kusema kweli alifurahi. Yule aliyekwenda alipiga simu Jumapili kadhaa, kisha masomo yakambana, na aliyebaki hakumlaumu. Septemba dada wa ofisi ya chuo alileta mwanafunzi mwingine, akahesabu viti, akakubali kwamba nyumba imejaa, akaondoka naye.

Krismasi Chano akaja. Alilala kitandani kwake, akala sebuleni sahani ikiwa magotini, na safari hii alikuwa amepata ndege ya jioni. Siku ya kuondoka mama yake alipika tangu asubuhi. Chakula kilipoiva, akasimama na kumwonyesha kiti alichokuwa akikalia yeye.

"Kaa hapa, mwanangu."

"Mimi nikae, wewe usimame? Hapana, mama. Hukunilea hivyo."

Kirsten alitaka kumpisha, akajitahidi sana, lakini waliobaki hawawezi kuinuka. Akamwomba radhi.

"Usijali, dada," Chano akasema. "Wodini tunakula hivi hivi, mguu mmoja mlangoni."

Akala penye sinki, na alikula kwa furaha. Aliwasimulia juu ya wazee wa Bremen wanaomfundisha matusi ya Kijerumani, Denise akamtania kuhusu kitambi, akacheka mpaka akapaliwa. Akaomba aongezewe, akaongezewa. Kisha akambusu mama yake, akabeba begi, akashuka kuwahi basi.

Bi Encarna alikawia kidogo kabla ya kugeuka. Penye sinki hapakuwa na mtu. Akaiosha ile sahani, akakaa, akawauliza watoto nani anataka chungwa, na wote wakataka.