Karatasi Mbili za Babu

Nyumbani kwetu watu wananing'inia ukutani. Usishtuke, wananing'inia kwa karatasi tu. Bibi yangu ni fundi cherehani, na kila aliyewahi kushonewa naye ana karatasi yake ya kukatia, imetobolewa tundu na kutundikwa kwenye msumari, mwenyewe ameandikwa juu kwa kalamu ya risasi: Mwalimu, Kinyozi, Mama Mapacha, Jirani Mnene. Huyo wa mwisho hajawahi kuingia mpaka chumba cha ndani akasoma, tunashukuru.

Sasa, karatasi ya mtu ni nusu mtu. Unakunja kitambaa mara mbili, unalaza ile nusu juu yake, unakata, ukikunjua unampata mzima, kulia na kushoto sawasawa. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, nililipata hata kabla sijajua kusoma saa. Ndiyo maana nilijiona nimeshaiva.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, kazi ambayo haina mshahara wala likizo. Hapo nyumbani wananiita Redio, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Na kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinaninyima raha: mkasi wa Bibi. Mkasi mzito, mpini wake umeviringishiwa kitambaa kilichong'aa kwa jasho la vidole vyake. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Babu aliwahi kupunguzia masharubu nao, akanuniwa wiki nzima.

Ila tangu mwaka jana mikono ya Bibi ilianza kutetemeka. Kwenye cherehani anaenda vizuri, lakini akishika mkasi mstari unakwenda unavyotaka wenyewe. Msimu wa joto ulipokaribia akaniita.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita, maana Babu ananiita bi mdogo. "Mwaka huu shati la joto la mume wetu utakata wewe. Likimkaa sawa, mkasi ni wako. Likipinda, utarudi kubandika vifungo."

"Bibi, anza kuuaga huo mkasi."

"Mdomo huo! Vaa viatu twende kwenye vitambaa."

Muuza vitambaa wetu tunamwita Mia kwa Mia, kwa sababu kila kitu dukani kwake ni pamba asilimia mia kwa mia, nadhani hata kiti anachokalia. Bibi hamsikilizi. Anashika kitambaa, anakifinya ngumini, anahesabu kimoyomoyo, anakiachia. Kikibaki na mikunjo michache kinapendeza. Kikiruka kikanyooka kama hakikufinywa, Bibi anacheka. Siku hiyo alichomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukajikunja, ukawa kitone cheusi kigumu.

"Pamba gani hii inayeyuka kama ndoo ya plastiki?" Bibi akauliza.

"Mama yangu, hiyo ni pamba ya kisasa," akajibu Mia kwa Mia bila aibu.

Uzi wa jora la tatu ukaungua ukawa majivu laini, ukanuka karatasi. Hiyo ndiyo pamba yenyewe, nyepesi, ukiiinua mlangoni unauona mwanga lakini humwoni mtu. Ilikuwepo ya aina mbili: moja ina mistari ya buluu iliyosimama, nyingine imechapwa vijani vidogo vya mti, vimetawanyika ovyo. Mimi niliipenda ya mistari palepale.

"Mistari hapana," akasema Bibi.

"Kwa nini? Itamrefusha."

"Babu yako hapendi mistari."

Babu huyo huyo anayelala na pajama ya mistari tangu nizaliwe! Nikajisemea, haya, uzee nao una mambo yake. Tukachukua vijani.

Nyumbani tulikiloweka kitambaa kwanza, kirudi kinakotaka kurudi kabla hakijawa shati, tukakianika kivulini. Kesho yake Bibi akaenda kwa dada yake kumjulia hali. Mlangoni akageuka.

"Ukikwama, nisubiri. Usikate kwa kubahatisha."

"Nikwame wapi, Bibi? Shati tu."

Nilikwama baada ya robo saa. Nilipoishusha karatasi ya Babu msumarini nikakuta vipande vya mbele viwili na vya nyuma viwili. Watu wote ukutani wana kimoja kimoja. Maandishi yalishafutika zamani. Nikavilinganisha: vinafanana, ila kimoja bega lake limeshuka zaidi, kama upana wa vidole viwili. Fundi mwenye akili angesubiri. Mimi nikaamua kwamba kimoja ni cha ujana na kingine ni cha uzee, Bibi kasahau kutupa. Nikachagua kilichokuwa na bega zuri, nikakunja kitambaa, nikakata.

Mengine niliyafanya vizuri, naapa. Nilipunguza mikono iishie juu ya kiwiko. Nilitia mkunjo mgongoni ili hewa ipite. Kola niliilegeza, maana shingo ya Babu wakati wa joto huwa haitaki kuguswa. Mfuko mmoja, kifuani, wa miwani. Jioni ya siku ya pili shati lilikuwa limepigwa pasi, linanukia upya.

Sasa lazima nikwambie kuhusu Babu. Alikuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka thelathini na moja, na kitu anachojivunia kuliko vyote ni kusimama kwake. "Simama wima, bi mdogo, kama mimi," ananiambia kila siku ya Mungu. "Mtu hupimwa kwa mabega." Kila asubuhi anapita mbele ya kioo cha sebuleni, anajikagua, anatabasamu, ndipo anakwenda kwa kinyozi kucheza drafti na wenzake.

Jioni hiyo kinyozi mwenyewe alikuwa kwetu, kaja kurudisha ngazi. Babu akavaa shati mbele yake kwa madaha.

Shati likapinda.

Upande wa kulia ulining'inia chini, kola ikalala kando kama mtu aliyesinzia, vifungo vikaenda mshazari.

"Bi mdogo," akasema Babu akijitazama kiooni, "umenishonea mimi au umeshonea mti?"

Kinyozi akacheka mpaka akaikalia ngazi. "Mzee, hilo shati linatoka nje peke yake, wewe unabaki!"

Masikio yaliniwaka moto. Nikachukua futi, nikapima kulia, nikapima kushoto. Sawasawa kabisa. Basi kosa liko wapi? Nikarudi nyuma hatua moja, nikamtazama Babu, si shati. Nikaona. Bega lake la kulia lilikuwa chini ya la kushoto. Si kidogo. Miaka yote nimeishi na mtu huyu, nimebebwa na mabega hayohayo, na sijawahi kuona.

Jibu likanijia ulimini lenyewe, tamu, limekaa tayari: Shati limenyooka, Babu, aliyepinda ni wewe. Mbele ya kinyozi! Ningekuwa nimelipiza simama-wima zote za maisha yangu. Nikafungua mdomo.

"Amekosea kukata."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wa safari bado mkononi. Hakuwa anamtazama Babu. Ananitazama mimi.

"Mke mwenzangu kakosea," akarudia. "Si ndiyo?"

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Labda ni yale macho. Sijawahi kumwona Bibi akiomba kitu.

"Nimekosea, Babu. Vua nirekebishe."

Kwenye chumba cha ndani Bibi akafunga mlango, akaketi kwenye stuli ya cherehani.

"Mkoba wa barua," akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku bega lilelile. Siku moja nikamwona anatoka kwenda kazini, shati limelalia upande. Nikaja humu nikachora karatasi ya pili. Tangu hapo kulia kwake kuna karatasi yake, na kushoto yake."

"Na mistari?"

"Mistari ingesema kila kitu."

"Kwa hiyo yeye hajui?"

"Hajawahi kuniuliza."

"Si ungemwambia tu, Bibi?"

"Nimwambie nini? Posta imekula bega lako? Anapita pale kwenye kioo kila asubuhi anatabasamu. Mimi ndiye ninayeshinda na tabasamu lile." Alinyoosha mkono, ukatetemeka, akaushusha mapajani. "Mikono hii ikigoma kabisa, nani atamkatia? Ndiyo maana nilitaka uwe wewe. Lakini una mdomo."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilifikiria simama wima kama mimi, kicheko kikanishinda, nikacheka nimeziba mdomo kwa shati lenyewe. "Kumbe kapinda! Miaka yote hii ananinyoosha mimi!"

Bibi akasubiri nimalize.

"Umemaliza? Haya, shusha karatasi yako."

"Yangu?"

"Wewe si unaning'inia pale?"

Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa, imebanwa kwa pini. Nilikuwa sijawahi kuifungua. Bibi ndiye aliyenishonea kila kitu tangu nepi. Nikatoa pini. Vikaanguka vipande viwili vya sketi. Kimoja kimeandikwa kulia, kingine kushoto. Kiuno cha kushoto kimepanda kidole kizima.

Nikavilinganisha mara mbili.

"Ulipoanguka kutoka juu ya ukuta, ukiwa darasa la pili," akasema Bibi taratibu. "Mguu uliunga vizuri, nyonga ikakaa hivyo. Haiumi, wala haina neno. Pindo tu lingekuwa linapanda upande mmoja, na watoto wa shule unawajua."

Nikaikumbuka sare yangu. Nikalikumbuka gauni la siku ya kumaliza shule, nilivyopita katikati ya ukumbi nikiwa nimeinua kidevu, nikimcheka chinichini msichana aliyekuwa anachechemea kwa viatu virefu. Nilikaa sakafuni, karatasi zangu mbili mapajani.

Bibi akafungua droo, akauweka mkasi mbele yangu.

"Shati bado halijamkaa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Kata."

Nilifumua bega la kulia na mkono wake, nikalaza ile karatasi nyingine, nikapiga chaki. Bahati nzuri ilikuwa ni kupunguza, si kuongeza. Mkasi ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mpini ulishachukua umbo la vidole vya mtu mwingine. Bibi alishikilia kitambaa upande wa pili. Mkono wake ulitetemeka, ila kitambaa kilitulia.

Asubuhi Babu akalivaa. Vijani vikatawanyika kifuani, kola ikakaa, pindo likanyooka kama meza. Akajikagua kulia, akajikagua kushoto, tabasamu likaja. Bibi alikuwa anamimina chai; aliacha kumimina mpaka tabasamu lilipokamilika.

"Hapo sasa," akasema Babu. "Kosa lilikuwa wapi?"

"Kwenye bega, Babu. Nilikata vibaya."

"Bega! Fundi gani hajui bega? Ngoja niwasimulie wenzangu."

Na akawasimulia. Mwezi mzima kinyozi akaniita Fundi Bega, na mimi Redio, mwenye jibu lililoiva kinywani, nikawa nacheka nao.

Asubuhi hiyohiyo ya shati Babu alitaka nimsindikize mpaka kwa kinyozi. Mlangoni akanisubiri, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye pindo la sketi.

"Simama wima, bi mdogo. Kama mimi."

"Nasimama, Babu," nikasema, nikamshika mkono upande wa kulia.