Chokaa ya Llangeiro

Msinieleze habari za subira. Nina miaka sitini na nane, na thelathini kati ya hiyo nimelifagia kanisa la kijiji chetu, Llangeiro, nikaziba paa lilipovuja, nikafukuza popo. Sijadai hata asante. Humo ndani hata mtu mwenye hasira zangu hutulia. Unakaa kwenye benchi la babu yako, baridi ya mawe inakuingia, moyo unapoa wenyewe.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa Jumapili ya Maua, ndivyo tunavyoiita Jumapili ya Matawi, mimi na binamu yangu Emlyn tulikuwa kwenye kazi ya kila mwaka: makaburi yanasuguliwa na kupambwa maua, kuta za ndani zinapakwa chokaa. Akaingia Prosser wa ofisi ya askofu, na koti lake safi.

"Mama Mererid, acheni kujichosha. Kanisa linauzwa. Kuna watu wa mjini wanataka nyumba ya likizo."

"Linauzwa? Na sisi tukasali wapi?"

"Mko sita tu, mama. Na humu hamna kitu cha maana. Kuta nyeupe tupu."

"Mtupu ni wewe!" Nikaugonga ukuta kwa mpini wa brashi, maana kumgonga yeye ningefungwa. Bonge la chokaa likaanguka, na jicho likanitazama. Emlyn akakwangua kwa kucha: pua, ndevu, mkono ulioinuliwa kubariki.

"Ee Yesu wangu!" akasema Emlyn. "Dada, alikuwa hapa siku zote, na sisi tunampaka chokaa usoni!"

Nilitamani kujizaba kofi. Wafalme wa zamani waliochukia picha makanisani waliamuru zifunikwe mara moja tu. Waliomfunika mwaka hadi mwaka ni sisi, tena kwa mapenzi. Baba alinifundisha kupaka mara mbili.

Prosser alikuwa amepiga magoti. Huyo huyo! Kwenye ibada zetu hajawahi kukunja goti hata siku moja. "Hili haliuzwi tena," akasema. Nikamkumbatia Emlyn nikalia kama mtoto.

Wataalamu wakaja na taa zao. Baada ya miezi miwili ikaja barua. Kanisa limeokolewa. Wageni wataichungulia picha kupitia dirisha. Ibada zimekomeshwa, kwa kuwa pumzi za waumini huleta unyevu unaoharibu rangi.

Pumzi zetu! Nilimpigia Prosser simu.

"Miaka mia sita watu wamepumua humo! Mbona hakuharibika?"

"Chokaa ndiyo iliyomkinga, mama. Sasa yuko wazi. Naelewa uchungu wako."

"Huelewi kitu! Juzi tulikuwa wachache mno, leo tumekuwa wengi mno?"

Akakata simu. Mshenzi yule.

Jumapili ya Maua iliyofuata tulikuta mlango una kufuli jipya. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukapamba makaburi, tukasimama nje sisi sita, tukaimba nyimbo zote, mchungaji mstaafu akatubariki chini ya mwavuli, kisha wenzetu wakaondoka.

"Twende, dada, utapata homa ya mapafu," Emlyn akanivuta mkono.

"Niache!"

Nikapiga magoti kwenye tope, nikabandika mdomo kwenye tundu la zamani la ufunguo mlangoni, nikapumua ndani kwa nguvu zangu zote.