Saba Waliokuwa Shambani

"Mimi sitii sahihi uongo, Madam. Tafuta mwingine."

"Uongo gani, Kipkemoi? Si ulisikiliza watoto na masikio yako, ukaandika alama na mkono wako?"

"Juzi nilisikiliza watoto ishirini na mmoja. Mwezi wa tano tulisikiliza ishirini na wanane. Hao saba wameenda wapi?"

Linah Jepkemei aligeukia dirisha la ofisi ya walimu. Hakuna mtu Molo asiyejua watoto huenda wapi wakati wa kuchimba viazi.

"Hawakuja shule. Mtoto ambaye hayuko nitampimaje?"

Kwa majuma kumi Linah alikuwa amewaketisha wanafunzi wake wa Gredi ya Nne wawili wawili, anayesoma vizuri na anayekwama, wasomeane nusu saa kila siku. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa diploma, baada ya miaka kumi na mitatu ya kufundisha kwa cheti. Ripoti ilitakiwa chuoni Nakuru kesho kabla ya saa sita, ikiwa na sahihi ya mpimaji wa pili, ambaye ni mwalimu mwenzake Kipkemoi. Ikichelewa, angesubiri mwaka mzima. Na ilikuwa ripoti nzuri: watoto walianza na wastani wa maneno thelathini na nane kwa dakika, wakamaliza na hamsini na manne. Ile hamsini na nne aliipenda kama mtu anavyopenda sufuria mpya.

"Hao saba ndio wanaoburura mkia darasani," Kipkemoi alisema. "Umewatoa, wastani umepanda. Hata mimi nikiuza ng'ombe wangu wawili wavivu, nitatangaza kwamba nimejua kulisha."

Linah alifungua mdomo amjibu vibaya, kisha akavuta daftari la mwezi wa tano. Aliwaondoa wale saba, akajumlisha waliobaki, akagawanya. Akarudia. Wale ishirini na mmoja walikuwa wameanza na arobaini na manne tayari. Walikuwa wameongeza maneno kumi, si kumi na sita. Hakuwa amekusudia kudanganya mtu, lakini alikuwa ameweka kwenye mizani madebe mawili yasiyofanana.

"Acha kunichekea," alisema. "Vaa gambuti, twende shambani. Wote saba wako kwa Ngigi."

Shambani kwa Ngigi akina mama walikuwa wanachimba, watoto wakiokota nyuma yao. Wamaitha, ambaye binti yake Tabby alikuwa mmoja wa wale saba, aliwaona, akanyoosha mgongo na jembe mkononi.

"Mwalimu, umekuja kutupeleka kwa chifu kwa sababu watoto hawako shule?"

"Hapana, Mama Tabby. Nimekuja kuomba. Nataka kumsikiliza Tabby akisoma dakika moja, niandike kwenye ripoti yangu ya chuo. Jina lake halitaonekana. Ukikataa, hakuna neno. Yeye akikataa, pia hakuna neno."

"Kwani mwezi wa tano hukumsikiliza?"

"Nilimsikiliza."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilimwomba mwalimu mkuu tu. Hapo nilikosa."

"Mwalimu mkuu ndiye alimzaa?"

Mstari mzima wa wachimbaji ukaangua kicheko. Wamaitha hakucheka. Aligeukia watoto waliokuwa nyuma, akaita, "Tabby! Unataka kumsomea mwalimu?"

Tabby alifuta mikono kwenye sketi. "Nikikwama, mtanicheka?"

"Nikicheka," Kipkemoi alisema, "mama yako anipe jembe nimalize huu mstari."

Linah aliwaomba wazazi wengine mmoja mmoja, na watoto wao pia. Wote saba wakakubali. Kila mmoja aliketi juu ya gunia akasoma, na walimu wakaandika wamepeana migongo, mtu asichungulie ya mwenzake. Walipolinganisha karatasi, walitofautiana neno moja tu kwa mtoto mmoja. Tabby, aliyesoma maneno ishirini mwezi wa tano, sasa alikuwa amefikisha ishirini na saba.

Wastani wa darasa zima ulishuka hadi arobaini na sita na nusu. Linah alifuta hamsini na nne kwa mstari mmoja, akaandika namba mpya. Chini yake akaeleza kwamba saba walisomea shambani wakiwa wamechoka, na kwamba mwezi wa tano wazazi hawakuombwa ruhusa. Kipkemoi alisoma yote, akaiweka ripoti gotini, akatia sahihi.

"Watakupitisha na hii?"

"Sijui. Lakini wakiniuliza swali, nina jibu."

"Wewe umepata yako," Wamaitha alisema. "Sasa huyu wangu anapata nini? Sisi tunachimba hapa mpaka Ijumaa ijayo."

Linah alitazama saa. Ilikuwa saa kumi kasoro.

"Nusu saa kila siku, saa kumi, hapa hapa. Nitakuja mimi."

"Kuanzia lini?"

"Leo."

Alitoa vitabu kwenye mkoba, akawaketisha wawili wawili kwenye magunia. Mmoja akabaki bila mwenzake, naye Kipkemoi akasukumwa hadi akaketi kando yake.

"Madam, huu ni utafiti mwingine," alilalamika. "Unafaa kuomba ruhusa upya."

"Tumeshatoa," Wamaitha alisema, tayari ameinamia mstari wake. "Someni, mvua iko karibu."

"Ukurasa wa tisa," Linah akasema, na Tabby akaanza.