Jicho la Mama Barafu

Mama Barafu alimtuma shemeji yake mbali makusudi, apeleke barafu mji wa pili na alale huko huko. Hapo ndipo akamwita binti wa mdogo wake aje kufunga mitambo. Hakutaka shemeji aone kinachobandikwa mlangoni.

Sababu alikuwa nayo. Tangu mumewe afariki na kumwachia kile chumba cha baridi, ufunguo wa kufuli walikuwa nao watu wawili tu: yeye, na huyo shemeji, mdogo wa marehemu. Sasa nyama wanazoweka wenye mabucha zimeanza kutoa harufu. Yeye hajafanya kitu. Haya, kafanya nani? Mtu anafungua, anachota kidogo kidogo, baridi inatoka, nyama inaharibika. Kesi alishaimaliza kichwani, bado ushahidi tu. Kilichomuuma ni kwamba shemeji alikuwa na kicheko kile kile cha kaka yake. Akimfukuza, kicheko hicho ndiyo basi tena, hatakisikia popote.

Binti alibandika kidude cheupe mlangoni na kingine ndani, kisha akaketi kwenye kompyuta ya ofisini. Alieleza taratibu. Vidude vitatuma habari bila kupumzika: mlango umefunguliwa, mlango umefungwa, joto limepanda, limeshuka. Habari zitakwenda mtandaoni, kwenye kompyuta za kampuni moja kubwa inayokodisha nafasi, na huko zitapanga foleni na kutunzwa siku kadhaa. Programu moja hapa ofisini itazisoma moja moja na kuzituma kwenye simu ya mama mkubwa.

"Hizo kompyuta zao ziko wapi?"

"Mbali, mama mkubwa. Wenyewe wanaita wingu."

"Wingu! Na hao wenye wingu hawajuani na shemeji yangu?"

Binti akacheka. Mama Barafu hakucheka hata kidogo.

"Haya, endelea. Lakini nakuangalia."

Akavuta kiti, akawa anasoma kila kitu begani kwa mwenzake, hata asivyovielewa. Ikafika mahali programu inataka kuambiwa ianze kusomea wapi: kwenye habari ya zamani kabisa iliyotunzwa, au kwenye zinazoingia sasa hivi.

"Tuweke sasa hivi," binti alisema. "Maana ikizimika na kuwaka..."

"Weka ya zamani. Isiruke hata moja."

"Lakini mama mkubwa, umeme ukikatika, ikiwaka itaanza upya..."

"Nimesema ya zamani! Kwani chumba ni cha nani?"

Na hakuishia hapo. Ujumbe wa kwanza ulifika simuni na tarehe, saa na tarakimu zake, akaamuru vyote vifutwe, vinamuumiza macho. Yeye anataka maneno mawili makubwa yanayosomeka bila miwani: MLANGO UMEFUNGULIWA. Binti alishusha pumzi, akafuta. Angembishia nani, mama yake mkubwa?

Binti alipoondoka, siku ile Mama Barafu alibaki peke yake na hakutulia. Alifungua mlango, simu ikalia, akafurahi. Akafunga. Akafungua tena aone kama mzigo wa bucha la kona upo. Upo. Akarudi kukaa, roho ikamwambia hebu kachungulie. Akachungulia. Ndiyo ilikuwa tabia yake tangu mashaka yamwingie: akipita tu pale lazima atie kichwa ndani, ahakikishe hakuna kilichopungua.

Shemeji alirudi kesho yake usiku. Asubuhi iliyofuata Mama Barafu alikaa mbali na mlango amtegee, na simu ilikaa kimya mpaka mchana. Mtu mwingine angeshukuru. Mama Barafu alisema moyoni, ameshajua, anajifanya mtakatifu.

Mchana alikwenda kumtuliza mwenye bucha la kona, aliyekuwa akitishia kuhamisha nyama yake. Umeme ukakatika mtaa mzima, ukarudi. Hawajamaliza hata salamu, simu ikalia. MLANGO UMEFUNGULIWA. Ikalia tena. Na tena. Ikawa inalia mfululizo mpaka mwenye bucha akauliza kama kuna msiba.

"Anapakia gari!" Mama Barafu akapiga kelele. "Jamani, anahamisha chumba kizima!"

Alikimbia, viatu mkononi. Gari hakuliona. Shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango uliofungwa, anapaka gundi kwenye mpira wa pembeni uliobanduka.

"Umefungua mara ngapi?"

"Sijafungua, shemeji. Umeme ulikatika, nikaogopa baridi isitoke."

"Usinifanye mtoto! Ninayo hapa kwenye simu, yote. Mwizi wewe! Kaka yako angekuwa hai angekutemea mate."

Shemeji alisimama polepole. Akafungua kamba ya ufunguo shingoni, akamwekea mkononi.

"Ufunguo huu alinipa yeye," alisema. "Kama angekuwa hai, angeniuliza kwanza."

Akaondoka, akaacha kopo la gundi wazi. Mama Barafu alibaki akihema, funguo zote mbili kwenye kiganja. Ameshinda.

Simu ikalia. MLANGO UMEFUNGULIWA.

Aliangalia kufuli. Limefungwa. Akalishika, akalivuta. Limefungwa. Simu ikalia tena mkononi mwake. Akampigia binti.

"Mama mkubwa, si nilikwambia? Umeme umerudi, programu imeanza na habari za zamani. Hizo ni za juzi, siku niliyokuja. Mimi naziona hapa na tarehe zake."

"Juzi?"

"Juzi. Nani alikuwa anafungua hivyo? Joto limepanda mpaka linatisha. Linataka kushuka, mlango unafunguliwa tena. Kwa mtindo huo nyama haiwezi kupona."

Mama Barafu akakata simu. Juzi shemeji alikuwa mji wa pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma. Aliyekuwa hapa anafungua na kuchungulia, anafunga, anarudi kuchungulia, alikuwa mtu mmoja tu. Na haikuwa juzi peke yake. Ilikuwa kila siku, tangu aanze kumwogopa mwizi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akakaa chini pale pale, kando ya kopo la gundi.

Alipiga simu. Iliita sana kabla ya kupokewa.

"Shemeji," alisema, machozi yakimtoka, "nisamehe. Ni mimi. Mlango nilikuwa nafungua mimi. Rudi, tafadhali. Ufunguo wako nimeushika hapa."

Upande wa pili akakisikia, kifupi na kikavu, kile kicheko cha marehemu.

"Subiri kidogo, shemeji. Angalia kwanza kwenye hiyo simu yako, ikwambie kama kweli ni mimi ninayeongea."

Akakata.