Mizani na Udongo wa Mdogo Wake

Pale maabara ya udongo walimwita Mizani, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mfuko wa udongo uliopita mikononi mwake ukatoka na jibu la kubahatisha. Aliukausha, akauponda, akauchekecha, akaupima kwenye kibakuli kidogo cha kaure, akautia kwenye tanuri, kisha akaupima tena. Kilichopungua ndicho kilichokuwa mboji: majani, mizizi na vidudu vilivyooza vikageuka uhai wa ardhi. Udongo wenye mboji nyingi hushika maji na kulisha mazao, tena huifungia kaboni humo humo isipande hewani kuongeza joto. Mambo haya Mizani aliyajua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake taa zikiwa zimezima.

Mdogo wake hakuyasomea. Nyumbani walimwita Chakura, kwa kuwa tangu akiwa mtoto alichakura ardhi kama kuku. Shule ilimshinda kidato cha pili, akabaki shambani na mama yao, na mama alipofariki shamba likawa lake. Mizani hakulitaka hata kidogo.

"Nikalifanye nini vumbi lile?" alisema.

Na kweli lilikuwa vumbi. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu juu yakashuka bondeni na udongo wote. Siku moja, miaka saba nyuma, Mizani alikwenda kumtembelea mdogo wake. Akiwa anakula, simu mkono wa kushoto, alimwambia, "Acha kuchoma mabua. Acha kumwita huyo mwenye trekta kila msimu. Funika ardhi, panda kunde katikati ya mahindi, chimba makinga maji yakate mteremko." Aliyasema kama anayesoma tangazo ukutani. Akanawa mikono, akaaga, akaondoka.

Chakura akayafanya. Yote, bila kuruka hata moja, na alipochekwa akaziba masikio.

Mwaka ambao mvua ilikatika mapema, mahindi ya majirani yalijikunja kama karatasi iliyomwagikiwa chai ya moto. Ya Chakura yalisimama. Habari zikaenda, wageni wakaja. Mradi mmoja wa kupima kaboni ardhini ukaanza kutafuta shamba la mfano, mahali ambapo wakulima wangeletwa kujifunza, na picha ya Chakura akiwa amechuchumaa na bonge la udongo kiganjani ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa maabara, mkabala na mlango.

Kila asubuhi Mizani alipofungua mlango, Chakura alikuwa pale anamchekea.

Profesa wa mradi alikuja kuwasalimu. Akasimama mbele ya ile picha, mikono nyuma. "Huyu mama hajasoma," aliwaambia wafanyakazi wote, "lakini angalieni alichokifanya!"

"Ni mdogo wangu," Mizani akasema.

"Ahaa!" Profesa akamgeukia, akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Kumbe wewe ndiye dada yake!"

Wenzake wakapiga makofi. Mizani akacheka nao, kisha akarudi mezani kwake. Miaka kumi na tisa! Amevuta vumbi la mashamba ya watu mpaka kifua kinakereketa, na hakuna ripoti hata moja yenye jina lake. Leo amekuwa dada yake Chakura. Na hayo anayosifiwa Chakura aliyatoa wapi? Si mdomoni mwangu? Nilimwambia mimi! Akiwa njiani kwenda nyumbani aliirudia hoja hiyo kama aliye mbele ya hakimu, na kila alipojishindia kesi, roho ilimuuma zaidi.

Wiki iliyofuata, mifuko ya udongo wa mradi ililetwa mezani kwake. Yalikuwa mashamba mawili: la Chakura, na la kulinganishia, la jirani yake aliyeitwa Mzee Moshi, kwa sababu hakuna aliyechoma mabua kwa moyo kama yeye. Mizani akapima kama alivyozoea. Udongo wa Chakura ulikuwa na mboji asilimia nne kasoro kidogo. Wa Mzee Moshi, moja na ushee.

Alizitazama zile namba mbili. Feni ya dari ilikuwa inalia kwiki, kwiki. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa ametoka kununua maandazi. Mizani akachukua kalamu, akaandika namba ya Mzee Moshi kwenye mstari wa Chakura, na ya Chakura kwenye mstari wa Mzee Moshi. Kisha akaviosha vile vibakuli, akavifuta, akavipanga.

Ripoti ilitoka. Inasemekana Mzee Moshi mwenyewe aliposomewa matokeo yake aliomba wayasome tena, akauliza kama hakuna Moshi mwingine. Watu wa mradi walikuna vichwa, lakini ripoti ilikuwa ya Mizani, nani angeitilia shaka? Picha ya Chakura ikabanduliwa ukutani. Mizani alikunywa chai yake akiitazama ile nafasi tupu, na kwa siku mbili alijisikia mwepesi kama aliyetua mzigo.

Siku ya tatu, mchana, simu ikaita.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Waliniletea majibu. Wameniambia udongo wangu umekufa kuliko hata wa Mzee Moshi."

"Nimesikia. Pole."

"Yule kijana wa mradi aliniuliza kama nina shaka, wapime upya. Nikamwambia hapana. Aliyepima ni dada yangu, na dada yangu hakosei."

Mizani alisubiri lawama, hata kilio. Angejua la kujibu. Lakini Chakura aliendelea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

"Basi nimekata shauri. Miaka saba nimejidanganya na watoto wangu. Kesho asubuhi trekta linakuja, nigeuze lote, na mabua niyachome. Kama Mzee Moshi kwa njia yake amenishinda, mimi ni nani? Nilitaka tu ujue, usije ukaona moshi ukadhani nimekudharau."

"Chakura, ngoja kwanza..."

"Usijali dada. Huna kosa." Akakata simu.

Mizani alipiga tena. Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa. Chaji kule ilikuwa ya kuomba dukani. Akarudi mezani, akaanza kuchekecha udongo wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaumwaga.

Kesho yake kulipopambazuka alikuwa safarini. Alipofika alisikia ngurumo ya trekta kabla hajaliona shamba. Robo nzima ya mteremko ilikuwa imekwisha kugeuzwa. Udongo ulikuwa mweusi, unang'aa kwa unyevu, na minyoo ilijinyonganyonga juani huku kunguru wakishuka kuiokota. Pembeni lilikuwepo rundo la mabua, na Chakura alikuwa ameinama, kiberiti mkononi.

"Usiwashe!" Mizani alipiga ukelele hadi dereva akazima mashine. Alikimbia na viatu vyake vya ofisini, kimoja kikabaki kwenye matuta. "Usiwashe! Nilibadilisha namba!"

Chakura akasimama. "Namba gani?"

"Zako na za Mzee Moshi. Udongo wako ndio wenye nne. Nilizibadilisha kwa mkono wangu."

"Ulikosea?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Neno moja tu, "nilikosea", na yangeishia hapo.

"Sikukosea," Mizani akasema. "Nilikuonea wivu."

Chakura akalitazama lile jeraha la mteremko. "Miaka saba, dada," alisema. "Miaka saba sijaingiza jembe pale." Akamgeukia dereva. "Baba, nenda. Ahsante." Kisha, bila kumwangalia Mizani, "Na wewe nenda. Kawaambie waliokuamini."

Mizani alikwenda. Alimweleza mkuu wa maabara mlango ukiwa wazi, na hakujipunguzia. Mifuko ilipimwa upya na mwenzake wa meza ya pili. Namba zikatoka zile zile za kwanza, na shamba la Chakura likachaguliwa kuwa la mfano. Yeye akaondolewa kwenye vipimo, akapelekwa stoo kupokea na kupanga mifuko ya udongo iliyoletwa na wengine. Jina la Mizani halikutamkwa tena, na hakuna aliyelizuia; liliacha lenyewe.

Kila mwisho wa juma alikwenda shambani. Chakura hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwonyesha tu kwa kidevu: mabua yale, rudisha pale. Mizani aliyabeba kwa mgongo, akayatandaza juu ya ile robo, akachomeka mbegu za kunde kwa kijiti. Walifanya kazi mistari miwili mbalimbali, na mazungumzo yao yalikuwa ya "lete" na "weka".

Misimu miwili ikapita. Siku wakulima wa kwanza walipoletwa kujifunza, walikuwa kama arobaini, na Profesa mbele yao. Mmoja akanyoosha kidole mteremkoni. "Mama, mbona pale mahindi ni mafupi?"

Mizani, aliyekuwa nyuma akigawa maji ya kunywa, alisimama na jagi mkononi.

"Pale nilipitisha trekta mara moja," Chakura akajibu. "Kuharibu ni asubuhi moja, kurudisha ni miaka. Mwenzenu nilikosea."

Hakumtaja mtu. Watu walitikisa vichwa, wakaandika. Mizani alihisi uso unamwaka moto. Alijua angepaswa kushukuru, na alishukuru. Lakini chini ya shukrani hiyo kulikuwa na kitu kingine anachokifahamu vizuri, kinachouma vile vile kama siku ya makofi. Hata huo uungwana wa mdogo wake aliuonea wivu.

Akaweka jagi chini, akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Samahani," alisema. "Aliyekosea ni mimi. Ngojeni niwaeleze."