Pilipili Zilizong'aa

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima aliingia ghalani roho juu, maana gari la mnunuzi lilikuwa njiani. Pilipili hoho zake mwenyewe zilikuwa zinang'aa kupita kiasi. Akaokota moja, ikamteleza mkononi. Akainusa: mafuta ya kupikia.

"Umeziona, mwanangu?" Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa mapajani, uso umejaa furaha. "Nimezipangusa zote. Enzi zangu nauza nyanya sokoni, inayong'aa ndiyo ilikuwa inatoka kwanza."

Msimu uliopita kreti moja ya kikundi ilikutwa na kitu kisichoruhusiwa huko ng'ambo pilipili zinakouzwa, mzigo wote ukateketezwa. Onyo likaja: mkirudia, kikundi kizima hakiuzi tena. Na huko pilipili hupimwa maabara, hakuna cha kumbembeleza mtu.

"Mama, umepaka kreti zipi?"

"Zako tu. Za wenzako wazipake wenyewe, mimi si kijakazi wao!"

Afadhali. Lakini zake ndizo zilizokuwa nyingi kuliko za wote, na ndizo zingeleta mabati mapya ya chumba cha huyo huyo mama mkwe, kilichovuja kila mvua. Mkaguzi wa mnunuzi hufungua kreti chache tu. Nani angejua?

Gari likaja. Wenzake wakapakia kreti zake zikakaa nyuma kabisa, naye akanyamaza. Mkaguzi, mtu mpole wa maneno machache, akafungua kreti ya mkulima jirani, akachukua sampuli, akaridhika. Akashika mlango wa gari aufunge. Wanakikundi wakaanza kutaniana kama watu walionusurika. Mwenyekiti akawatazama. Kila mmoja wao alikuwa na msimu wake mzima mle ndani.

"Bwana Mkaguzi," akasema. "Zangu zishushwe. Nimezipaka mafuta."

"Wewe?" jirani akamaka. "Wewe uliyetuchosha masikio na masharti?"

"Mimi. Tamaa tu."

Mama mkwe akainuka kwa hasira. "Hebu niache na sifa yangu! Nimepaka mimi, kwa mkono wangu huu!"

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akainamisha uso. Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja, kisha akazitazama kreti zilizokuwa zinashushwa, na furaha ikamtoka usoni polepole.

Gari likaondoka na mzigo wa wengine. Mwenyekiti alipogeuka, alimkuta bibi kizee amepiga magoti kati ya kreti, anafuta pilipili moja moja kwa upindo wa nguo yake.

"Yanatoka, mwanangu," alikuwa akisema. "Mafuta yanatoka. Kimbia ukawaambie wasubiri."