Gia ya Pili Mlimani

Gari lilipoingia gereji, Mama Giaboksi, fundi wa hapo, alilijua kabla hata hajasoma namba. Lilikuwa la mumewe, lile la kasi aliloliuza alipokwenda kutafuta kazi mbali. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, kisha mara mojamoja, kisha kimya. Watu wakamwambia mama wa watu asahau, kana kwamba kusahau ni kuvua kandambili.

Gari lenyewe lilikuwa limedoda kwenye yadi ya muuza magari, na mwalimu mmoja mwenye maneno mengi alikuwa amelinunua juzi tu.

"Fundi, hili gari lina kichwa kigumu," alisema. "Mlimani linang'ang'ania gia ya pili mpaka injini inalia. La shemeji yangu nalo ni otomatiki, mbona ni laini?"

"Giaboksi ya shemeji yako inazungushwa na mafuta mazito yaliyomo ndani yake, mwalimu, ndiyo maana inabadilisha polepole. Hili lina klachi mbili: moja imeshika gia unayotumia, nyingine imeshaandaa inayofuata. Halafu linajifunza mguu wa dereva, anavyokanyaga mafuta, na halisahau upesi. Aliyekuwa nalo ndiye kalizoesha hivyo."

"Basi lisahaulishe, mama."

Lisahaulishe! Kila Jumapili mumewe alipanda ule mlima wa mbele ya gereji akiiacha gia ya pili ilie makusudi, huku akimtupia mkewe jicho la pembeni amwone anavyocheka. Mama Giaboksi alimpenda yule mwanamume, na bado anampenda, liwalo na liwe. Kufuta kumbukumbu ya gari kulihitaji kubonyeza kitufe kimoja tu kwenye kompyuta, lakini kidole kiligoma. Alilipeleka kwanza mlimani, eti kulijaribu. Lilipolia, naye akalia.

Kazi ni kazi, akafuta. Mchana kutwa akaliendesha kulifundisha upya, kisha akamkabidhi mwalimu funguo.

Wiki haikuisha, mwalimu akarudi amevimba. "Fundi, tunataniana? Bado linalia palepale!"

Mama Giaboksi akachomeka kompyuta, akakagua mara mbili. Mazoea ya zamani yalikuwa yamefutika yote. Kilichokuwemo ni mafunzo ya mchana ule mmoja, ya mguu wake mwenyewe. Na huo mguu nani aliufundisha kuendesha, kama si mumewe? Alianza kwa kucheka, akamalizia kwa machozi mbele ya mteja.

"Kulikoni tena, mama?"

"Gari halina kosa, mwalimu. Kosa ni langu." Akafuta upya, akamsukumia funguo. "Safari hii lifundishe mwenyewe. Mimi nisiliguse."

Mwalimu akaondoka. Mama Giaboksi alisimama getini akisikiliza. Gari liliupanda mlima taratibu, likabadilisha gia mapema, bila kelele. Naye alikuwa ameukandamiza mguu wa kulia kwenye vumbi, akilisubiri lilie.